Intaneti ya Nyumbani Imekatika? Tafuta Penye Hitilafu Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Somo letu la toleo hili linawahusu wakazi wenye modemu nyumbani, dukani, duksini au shuleni, katika wadi zote nne za Kaunti Ndogo ya Tarbaj: Tarbaj, Wargadud, Sarman na Elben. Aliye Wajir mjini au Kutulo pia litamfaa, kwa kuwa joto, vumbi na umeme wa sola ni vile vile.

Naanza na kisa cha nyumbani kwetu. Binti wa dada yangu alimaliza kidato cha nne, akawa anachagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, ile inayowapanga wanafunzi katika vyuo. Siku ya mwisho ya maombi, baada ya swala ya isha, alinipigia kwa simu ya mama yake, ile ya vitufe.

"Abti, intaneti imekatika. Nimebonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma mara tatu na bado."

"Abti, kabla hujabonyeza, taa za modemu zilikuwa rangi gani?"

Hakujua. Tulipochunguza tukakuta kwamba bando ndilo lililokuwa limekwisha. Dawa yake ingekuwa kununua jingine, kazi ya dakika mbili. Lakini kile kitufe kilikuwa kimefuta mipangilio yote ya modemu, na hakuna mtu pale nyumbani aliyejua namna ya kuirudisha. Alimaliza maombi yake saa tano na nusu usiku kwa simu ya jirani, nusu saa kabla ya muda kufungwa.

Siku hizi mambo mengi hupitia njia hiyo moja: maombi ya vyuo na ya HELB, eCitizen, ushuru wa KRA, usajili wa bima ya afya ya SHA. Intaneti ikikatika siku ya mwisho, hasara ni ya kweli. Somo la leo lina jambo moja kuu: jua kwanza ni wapi palipokatika, ndipo uguse kitu au umlipe fundi.

Fikiria kisima na kioski cha maji

Sote twajua maji yanavyotufikia. Kuna kisima, pampu, umeme wa kuiendesha pampu, tangi, mabomba, halafu kioski. Mfereji wa kioski ukikauka, mtu mwenye akili hauvunji. Huuliza: je, pampu inafanya kazi? Tangi lina maji? Bomba limepasuka wapi?

Intaneti ya nyumbani ni vivyo hivyo. Kuna umeme, kuna modemu, kuna laini na bando, kuna mnara, kuna Wi-Fi, na mwisho kuna simu yako pamoja na tovuti unayoitafuta. Ni pingu sita za mnyororo mmoja. Ikikatika mojawapo, kwenye simu utaona jambo lile lile: ukurasa haufunguki. Kwa hiyo usiamini simu peke yake. Fuata mnyororo.

Kabla ya yote, uliza swali hili: ni nani mwingine hana intaneti? Jirani anayetumia kampuni ile ile akiwa hana, tatizo liko nje ya nyumba yako; weka bisibisi chini na usubiri au upige ripoti. Jirani akiwa nayo, endelea na hatua hizi kwa mpangilio.

1. Umeme

Nyumba nyingi kwetu hutumia sola, na hapa ndipo matatizo mengi huanzia. Tazama taa ya umeme kwenye modemu. Isipowaka, kagua soketi, kisha adapta, kisha waya. Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyo hiyo. Kikiwaka, basi adapta au modemu ndiyo yenye shida.

Modemu inayowaka kisha kuzima na kuwaka tena yenyewe, hasa usiku wa manane, mara nyingi inakosa nguvu ya kutosha kwa sababu betri imeshuka. Piga hesabu. Angalia maandishi ya adapta. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampea 1, modemu inahitaji kwa wingi wati 12. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya kawaida ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 300 za kutumia. Gawanya kwa 12: ni saa 25 za modemu peke yake. Ukiongeza televisheni, taa na simu tano za kuchaji, utaelewa kwa nini intaneti inakatika kabla ya alfajiri.

Tahadhari mbili. Usiunganishe modemu moja kwa moja na paneli ya sola: paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya volti 18 jua likiwa kali, na modemu itaungua. Umeme upitie kwenye kontrola na betri, kwa waya wenye kifaa cha kutuliza volti. Pili, usitumie adapta yoyote ile kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye modemu, na ampea zisipungue.

2. Modemu yenyewe: soma taa, kisha ipumzishe

Taa za modemu ndiyo lugha yake. Majina na rangi hutofautiana kutoka modemu moja hadi nyingine, lakini karibu zote zina taa ya umeme, taa ya mawimbi ya mnara, taa ya intaneti na taa ya Wi-Fi. Siku ambayo mambo yako sawa, zipige picha kwa simu. Picha hiyo itakuwa kipimo chako siku ya shida: utalinganisha na kuona taa ipi imebadilika.

Baada ya kuzisoma, zima modemu, chomoa waya wa umeme, hesabu dakika moja, chomeka tena, kisha usubiri dakika tatu hadi tano bila kuigusa. Modemu ni kompyuta ndogo. Huchoka na kukwama. Kuizima na kuiwasha hivi hakufuti chochote.

Hilo ni tofauti kabisa na kubonyeza kile kitufe kilichojificha kwenye kitundu, kinachohitaji sindano au kijiti. Kitufe hicho huirudisha modemu kama ilivyotoka kiwandani. Hufuta jina la Wi-Fi uliloweka, neno la siri na mipangilio ya kampuni. Kitumie mwisho kabisa, ukiwa na mipangilio yako imeandikwa kwenye karatasi, na ikiwezekana ukiwa kwenye simu na mhudumu wa kampuni.

Angalia pia joto na vumbi. Modemu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40 za selsiasi. Chini ya mabati saa nane mchana, hasa karibu na paa, joto la nyumba zetu linaweza kupita hapo. Modemu inayokufa kila mchana na kufufuka magharibi huenda inaumwa na joto. Iweke kivulini mahali penye hewa, usiifunike kitambaa cha mapambo, wala usiiweke juu ya televisheni au inveta. Vumbi liondoe kwa brashi kavu ikiwa imechomolewa. Usitumie kitambaa chenye maji.

3. Laini na bando

Kama taa ya mawimbi ni nzuri lakini hakuna intaneti, shuku bando kwanza. Angalia salio la data kwa namba ya kampuni yako. Kwa Safaricom ni *544#. Modemu nyingi hupokea ujumbe mfupi, kwa hiyo ujumbe wa kwamba bando limekwisha huenda uko ndani ya modemu na hujausoma.

Wengi hulalamika kwamba bando "limeibiwa". Kabla ya kufika huko, kumbuka kwamba video ya ubora wa juu inaweza kula takriban GB 3 kwa saa moja. Watoto watatu wakitazama katuni kwa saa mbili kila mmoja, hizo ni GB 18 kwa jioni moja. Simu nazo hujisasisha zenyewe zikiwa kwenye Wi-Fi. Na neno la siri likishajulikana mtaa mzima, bando lako linakuwa la wote.

Bando likiwa lipo, zima modemu, toa laini, ifute kwa kitambaa laini kikavu na uirudishe. Kisha ijaribu laini hiyo ndani ya simu. Ikileta intaneti kwenye simu, laini na mnara ni sawa, na shida iko kwenye modemu. Isipoleta, shida iko kwenye laini, bando au mnara. Ila ujue kwamba baadhi ya vifurushi vya nyumbani hufungwa kwenye modemu moja au mahali pamoja, na laini zake hazifanyi kazi kwenye simu. Uliza kampuni kwanza.

Kama modemu ilifutwa mipangilio, huenda inakosa APN, yaani jina la mlango ambao laini hupitia kuingia kwenye intaneti. Kwa laini za kawaida za Safaricom ni neno "safaricom" kwa herufi ndogo. Kwa kampuni nyingine, muulize mhudumu na uandike jibu.

4. Mnara na mawimbi

Tarbaj iko kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Kutulo, Elwak na Mandera. Aliye mjini karibu na mnara hupata mawimbi bila taabu. Aliye mbali na barabara hupata mabaki. Kwa hiyo mahali unapoiweka modemu pana maana kubwa.

Mabati huzuia mawimbi sana, na kuta nene za mawe huyapunguza. Weka modemu dirishani, upande unaoelekea mnara, juu kuliko kichwa cha mtu lakini isiguse paa. Isogeze hatua moja moja na upime. Kwenye kibandiko chini ya modemu kuna anwani ya ukurasa wake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo, ingia kwa neno la siri lililo kwenye kibandiko, utafute namba inayoitwa RSRP. Ina alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo mazuri: -85 ni nzuri, -110 kwenda chini ni dhaifu. Usipoiona namba hiyo, hesabu vijiti vya mawimbi.

Kama mtaa mzima umekosa mtandao, mnara wenyewe huenda umezimika, kwa kukosa mafuta ya jenereta, kwa hitilafu au kwa uharibifu. Sote twakumbuka kwamba minara ya mawasiliano katika kaunti za Wajir, Mandera na Garissa imewahi kushambuliwa na magaidi. Kwa hiyo usiende kwenye mnara kuangalia mwenyewe, wala usimtume kijana. Pigia kampuni. Ukiona watu usiowajua wakizunguka hapo, mwarifu chifu au kituo cha polisi.

Na wakati mwingine palipokatika ni mbali zaidi. Intaneti ya Kenya kwa sehemu kubwa huingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, hakuna kitufe nyumbani kwako kitakachosaidia.

5. Wi-Fi ndani ya nyumba

Ikiwa taa zote za modemu ni sawa, sogea. Simama hatua mbili kutoka kwenye modemu na simu yako. Intaneti ikirudi, tatizo ni umbali au ukuta. Modemu nyingi hutoa Wi-Fi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi lakini haiendi mbali. Mwanafunzi anayesomea chumba cha pili atumie ya 2.4.

Kama simu inakataa neno la siri ulilo na uhakika nalo, iambie isahau Wi-Fi hiyo, kisha uunganishe upya. Neno la siri liwe refu, na libadilishwe kila linapozagaa.

6. Simu yako na tovuti

Jaribu kifaa cha pili. Simu moja ikikataa na nyingine ikikubali, modemu haina kosa. Angalia tarehe na saa za simu inayokataa. Simu iliyozimika betri muda mrefu huweza kuonyesha mwaka usio sahihi, na tovuti salama kama za serikali au benki hukataa kufunguka kwa sababu hiyo tu.

Jaribu pia tovuti ya pili. Ikiwa WhatsApp inatuma ujumbe lakini eCitizen haifunguki, shida huenda iko upande wao. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma zikakwama nchi nzima, hata kwa wenye intaneti safi. Usiku wa mwisho wa maombi tovuti nazo hulemewa na wingi wa watu. Ushauri wetu kwa wazazi: usimwache mtoto afike siku ya mwisho.

Wenye faiba na wenye dishi

Mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020 kwa ajili ya barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera una sehemu ya kulaza nyaya za faiba kando ya barabara hiyo. Ofisi na nyumba zinazounganishwa na faiba zijue jambo moja: taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Hakikisha waya mwembamba wa faiba haujakunjwa, haujaliwa na panya wala kukanyagwa na kiti. Usiuchomoe kuutazama, kwani mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Piga simu kampuni. Na anayechimba mtaro kando ya barabara aulize kwanza kama pana waya.

Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, na dishi zake zimefika hata penye mawimbi hafifu ya minara. Dishi hilo linataka anga wazi. Mti, tangi la maji au ukuta ukiziba sehemu ya anga, intaneti itakatika kwa sekunde chache mara kwa mara. Programu yake ina sehemu ya kukagua vizuizi. Itumie kabla ya kukaza misumari. Pia linakula umeme mwingi kuliko modemu ya laini, kwa hiyo rudia hesabu ya betri.

Ukishindwa, lalamika kwa ushahidi

Pigia kampuni kwa namba iliyo kwenye risiti au kwenye boksi. Uwe na haya mkononi: siku na saa intaneti ilipokatika, rangi za taa, jibu la jirani, na hatua ulizochukua. Omba namba ya lalamiko na uiandike. Kampuni isipolishughulikia, una haki ya kulipeleka lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mamlaka hiyo hutaka kuona kwamba ulianza na kampuni, na ndiyo sababu namba ile ni muhimu.

Jihadhari na matapeli wanaopiga simu wakidai wanatengeneza intaneti yako. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji PIN yako ya M-Pesa wala namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi.

Kazi ya nyumbani

Leo, intaneti ikiwa inafanya kazi, fanya mambo manne. Piga picha ya taa za modemu. Piga picha ya kibandiko cha chini. Andika kwenye karatasi jina la Wi-Fi, neno la siri, namba ya laini, APN na namba ya huduma kwa wateja. Funika kile kitundu cha nyuma kwa utepe, uandike juu yake: "Uliza kwanza."

Kisha mfundishe mtu mmoja nyumbani, hasa yule anayebaki wewe ukiwa safarini au kwenye mifugo. Binti wa dada yangu sasa ana karatasi hiyo ukutani. Majuzi mama mmoja wa jirani alikuja kwake akilalamika kwamba modemu yake imeharibika na fundi anataka pesa. Binti alimuuliza swali moja tu, kuhusu rangi ya taa ya umeme. Haikuwa ikiwaka. Adapta ilikuwa imelegea kwenye soketi.